Kubadilishia ndege Johannesburg: uchambuzi wa kisa cha Air Tanzania na mbia wake, 2002–2006

Ukiikuta tiketi ya karatasi ya Air Tanzania ya mwaka 2004, labda imesahaulika kwenye droo ya mzee aliyekuwa akienda Johannesburg kufuata vipuri, itazame namba yake. Ni kile kijitabu chembamba chenye kaboni nyekundu nyuma ya kila ukurasa, ile iliyokuwa ikichafua vidole. Tarakimu tatu za mwanzo za namba ya tiketi ndizo zinazosema dunia nzima shirika gani limeitoa. Za Air Tanzania ni 197. Hapo utakuta 083, namba ya South African Airways, SAA, mbia aliyekuwa amenunua asilimia 49 ya Air Tanzania.

Namba hiyo tutairudia. Kwanza niseme jinsi nilivyokiandika kisa hiki. Mashirika nimeyataja kwa majina, maana habari zake ni za wazi na hata ningeyaficha, msomaji angeyajua kabla ya aya ya pili. Watu nimewaacha kwenye vyeo vyao. Mawaziri walibadilika, wakurugenzi walibadilika, na makosa nitakayoyasema hayakuwa ya mtu mmoja.

## Usuli

Shirika la Ndege Tanzania, ATC, lilizaliwa Machi 1977 kwa sababu ya kifo. East African Airways, iliyokuwapo tangu 1946, ilizikwa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kila nchi ikabaki na fungu lake na uchungu wake. Dar es Salaam ikachora twiga mkiani, ikapata Boeing 737-200 mbili kwa safari ndefu, na Fokker na Twin Otter kwa viwanja vya mikoani. Kwa nchi yenye Mtwara upande huu na Bukoba upande ule, na barabara za wakati ule tunazijua, shirika lile lilikuwa huduma kabla ya kuwa biashara. Nauli zilipangwa kwa jicho la siasa, wafanyakazi wakazidi ndege, madeni yakapandana.

Kulikuwa na jaribio la kwanza la ubia ambalo watu wengi wamelisahau. Mwaka 1995 Tanzania na Uganda ziliungana na hao hao South African Airways kuendesha Alliance Air, shirika la safari za mbali lililokuwa na makao Entebbe. Lilikula hasara hadi likafungwa mwaka 2000. Kwa hiyo mbia wa mwaka 2002 hakuwa mgeni. Tulikwisha kula naye sahani moja, na sahani ikavunjika.

Jambo la pili la usuli ni la mizigo. ATC ilikuwa na kampuni tanzu iliyohudumia ndege na mizigo uwanjani Dar es Salaam, DAHACO. Kazi ile haihitaji kununua ndege: kila shirika linalotua linalipa, liwe limejaza viti au halikujaza. Hiyo iliuzwa peke yake mapema, ikawa Swissport Tanzania, na mwaka 2003 hisa zake zikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Nyama ilikatwa ikauzwa kivyake. Mfupa ndio uliopelekwa mnadani baadaye.

## Mnada wa mtu mmoja

Februari 2002, Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, PSRC, iliitisha maombi ya mwekezaji. Kenya Airways walionyesha nia, na kampuni moja binafsi ya Afrika Kusini nayo ikaonyesha. Siku ya mwisho ilipofika, ombi lililokuwa mezani lilikuwa moja tu, la South African Airways. Septemba wakatangazwa washindi. Washindi dhidi ya nani, hilo halikuulizwa sana.

Desemba 2002 mkataba ulitiwa saini. SAA wakachukua asilimia 49 kwa dola milioni 20. Kati ya hizo, milioni 10 zilikuwa thamani ya hisa, na milioni 10 nyingine ziliingia kwenye akaunti ya mtaji na mafunzo ili kutekeleza mpango wa biashara. Serikali ilibaki na asilimia 51, pamoja na ruhusa ya kuuza asilimia 10 kati ya hizo kwa mwekezaji binafsi Mtanzania. Ikazaliwa kampuni mpya, Air Tanzania Company Limited, ATCL, na mzigo wa madeni ya zamani ya ATC ukaachwa nje yake.

Tangu kuitisha maombi hadi kusaini ni miezi kumi. Uweke muda huo kando ya ule wa jirani. Kenya Airways ilianza kusafishwa 1991, ilipopewa mwenyekiti mpya na amri ya kujiendesha kibiashara. Wakaletwa washauri kutoka nje, serikali ikabeba madeni, wafanyakazi wakapunguzwa, na faida ikaanza kuonekana kabla hisa hazijauzwa. KLM, shirika la ndege la Uholanzi, walipolipa dola milioni 26 kwa asilimia 26, mwaka 1996, walinunua shirika ambalo tayari linasimama kwa miguu yake. Mwaka huo huo hisa nyingine ziliuzwa kwa wananchi katika Soko la Hisa la Nairobi.

Milioni 26 kwa asilimia 26, milioni 10 kwa asilimia 49. Bei hizi mbili zinapishana kwa sababu mmoja anamvalisha bibi harusi miaka mitano, mwingine anamtoa jikoni na kanga yake ya kupikia.

## Maamuzi, na kwa nini yalionekana ya busara

Ni rahisi leo kuwacheka waliosaini. Lakini ukikaa kwenye kiti chao mwaka 2002, unaona nini? Kwa Uganda unaona shirika la taifa limefilisiwa mwaka uliopita. Nyumbani unaona ndege zilizozeeka na hazina ya serikali isiyotaka tena kutia fedha kwenye pipa lililotoboka. PSRC kazi yake ilikuwa kuuza mashirika, na tume iliyoundwa ili iuze hupimwa kwa kuuza. Na aliyekuja alikuwa shirika kubwa kuliko yote kusini mwa Sahara.

Asilimia 49 nayo ina hesabu yake. Haki za kuruka kati ya nchi na nchi hutolewa kwa mikataba ya serikali mbili, na mingi ya mikataba hiyo inataka shirika liwe mali ya wananchi wa nchi husika na liongozwe nao. Ukimpa mgeni asilimia 51, nchi ya tatu inaweza kukwambia hilo si shirika lako tena, rudisha haki zetu. Ndiyo maana 49 inajirudia Afrika nzima. Ila mikataba hiyo inasema pia "liongozwe", na hapo ndipo ugumu ulipo: mwenye 51 alikuwa mwenye nyumba, mwenye 49 akawa mwenye funguo, maana mbia ndiye aliyeleta menejimenti.

SAA nao walikuwa na ndoto yao. Waliita pembetatu ya dhahabu: kituo kimoja kusini, cha pili mashariki, cha tatu magharibi mwa Afrika, na Dar es Salaam ndiyo ingekuwa pembe ya mashariki. Waliahidi 737-800, waliahidi 767-300, safari za Mashariki ya Kati na Afrika Magharibi. Kwenye karatasi ilipendeza.

## Machi 2003 hadi Septemba 2006

Uzinduzi ulifanyika tarehe 31 Machi 2003. Njia zilizobebwa kifua mbele zilikuwa za Johannesburg: kutoka Dar, kutoka Zanzibar, kutoka Kilimanjaro. Zitazame njia hizo tatu. Zote zinakusanya watu katika viwanja vyetu na kuwamimina katika uwanja mmoja ambao si wetu.

Mwaka wa kwanza ulifungwa kwa hasara iliyotangazwa kuwa karibu dola milioni 7.3 kabla ya kodi. Maelezo ya kampuni yalikuwa kwamba mtandao wa safari haukupanuka kwa kasi iliyopangwa. Ni kweli haukupanuka, lakini hayo ni maelezo ya homa kwa kusema mgonjwa ana joto. Kupanua mtandao kunataka ndege, na dola milioni 10 hazinunui 737-800 moja mpya, wala 20 hazinunui. Kazi iliendelea kubebwa na 737-200, ndege za injini za zamani zenye kiu, katika miaka ambayo pipa la mafuta ghafi lilipanda kutoka kama dola 30 hadi kupita 60.

Na mbia mwenyewe alikuwa hoi. SAA walikuwa wamepoteza mabilioni ya randi kwa kukisia vibaya mwenendo wa sarafu yao. Uongozi ulibadilika mwaka 2004, na waliokuja hawakuwa wale walioota pembetatu. Shirika linalotafuta pa kubana matumizi halianzii nyumbani kwake, linaanzia kwa ndugu wa mbali.

## Mpinzani aliyetumia dola milioni mbili

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ndipo kisa kinapokuwa cha ushindani na si cha ubinafsishaji peke yake.

Mwaka huo huo wa 2003, Kenya Airways walinunua asilimia 49 ya Precision Air, shirika binafsi la Kitanzania lililoanzia Arusha miaka ya tisini kwa ndege ndogo za kukodi. Walilipa dola milioni mbili. Kiasi cha hisa kile kile, nchi ile ile, mwaka ule ule wa uzinduzi, kwa sehemu moja ya kumi ya fedha za SAA.

Walinunua nini? Ndege za ATR, zenye mapangaboi, zinazobeba watu arobaini na kitu hadi sabini, zinazokula mafuta kidogo na kutua kwenye viwanja vifupi. Kwenda Mwanza au Tabora, ndege ya namna hiyo ikijaa nusu bado inahema. 737-200 ikijaa nusu inazama. Wakapata pia kitu ambacho hakiandikwi kwenye mizania: abiria wa mikoani wa Tanzania, ambaye sasa angeweza kuwekwa kwenye tiketi moja hadi Nairobi, na kutoka Nairobi hadi Amsterdam kwa KLM. Mnyororo ulikamilika: Precision anakusanya, Kenya Airways anabeba, KLM anapokea. Juu ya hayo, KLM wenyewe walikuwa wakitua Kilimanjaro na Dar moja kwa moja, wakileta mtalii hadi mlangoni pa Serengeti bila kumpitisha popote.

Sasa mchukue abiria wa Mwanza anayekwenda London. Mnyororo wa Nairobi unampeleka kaskazini, upande anakokwenda. Mnyororo wa SAA unamshusha kwanza Dar, kisha unamrusha kilomita 2,500 hivi kusini hadi Johannesburg, kisha unamgeuza aruke kilomita 9,000 kurudi juu, akipita tena usawa wa alikotoka. Kutoka Dar hadi London kupitia Nairobi ni kama kilomita 7,500. Kupitia Johannesburg ni zaidi ya 11,000. Hakuna nauli ya ofa inayoziba pengo hilo kwa mtu mwenye akili timamu na usingizi machoni. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Dubai au Guangzhou ndiye kabisa: huyo hata ukimpa kiti bure atakuuliza kwa nini anapelekwa Afrika Kusini.

Safari za Johannesburg zilimfaa anayekwenda Johannesburg. Wapo: wagonjwa, wanafunzi, wachimba madini, wanaofuata magari na vipuri. Ila hao SAA wangewabeba hata bila kununua hisa.

## Kuvunja ubia

Machi 2006 serikali ilitangaza nia ya kuzinunua tena hisa zake. Hasara iliyotajwa ilikuwa shilingi bilioni 24.7. Mwezi uliofuata SAA waliingia Star Alliance, umoja wa mashirika makubwa ya ndege duniani, na akili yao ikawa mbali zaidi na Mtaa wa Ohio, Dar es Salaam, yalipo makao ya ATCL. Septemba 2006 talaka ilikamilika. Serikali ililipa dola milioni moja kwa zile asilimia 49, kama makubaliano ya kuachana yalivyotaka.

Kwenye hesabu ya juu juu Tanzania ilifanya biashara nzuri: imeuza kwa kumi, imenunua kwa moja. Lakini kilichorudi kilikuwa kampuni isiyoweza kukata tiketi yake yenyewe. Kwa miaka ile yote iliuza kwa namba ya mbia, 083. Maana yake si ya kaboni tu. Tiketi ikiuzwa na wakala Frankfurt au Mumbai, fedha hupita kwenye mfumo wa pamoja wa malipo hadi kwa mwenye namba, kisha yeye ndiye anayegawa. Taarifa za mauzo, nani kanunua, lini, kwa bei gani, anaunganisha kwenda wapi, nazo hukaa kwake. Kurudi kwenye 197 ilikuwa kazi ya kujenga upya mfumo wa mauzo, mikataba na mawakala, na imani. Ilichukua hadi mwaka uliofuata. Katika biashara ya ndege, mwaka mzima unaohangaikia namba ya tiketi ni mwaka ambao wengine wanachukua abiria wako.

## Uchambuzi

Wengi husema kisa hiki kinaonyesha ubaya wa kuuza shirika la taifa kwa mgeni. Sikubaliani nao. Jirani aliuza kwa mgeni, na kwa zaidi ya miaka kumi alikula matunda.

Tofauti ninayoiona mimi ni mahali pa mbia kwenye ramani. Kituo cha KLM ni Amsterdam. Amsterdam haiwezi kumkusanya abiria wa Kisumu, Lilongwe au Mwanza, inamhitaji mtu wa Nairobi amkusanyie. Nairobi ikistawi, KLM anafaidi. SAA kituo chake kilikuwa Johannesburg, bara hili hili, kikiwinda abiria yule yule wa Afrika. Dar ikistawi kama kituo, inamnyang'anya. Hata menejimenti ingekuwa ya malaika, kila walipokaa kupanga ratiba wangekuta kwamba kiti kimoja kinachoondoka Dar kwenda Dubai moja kwa moja ni kiti kimoja kinachopungua Johannesburg. Mkataba haukuwa na kifungu cha kuizuia hesabu hiyo, na sidhani kama ulikuwa na mtu wa kuiuliza. Waliopitia maombi walipima mtaji, uzoefu na ukubwa wa mbia. Swali la abiria atabadilishia ndege kwa nani halikuonekana kuwa la fedha.

Kosa la pili lilikuwa haraka. Mnada wenye mwombaji mmoja ungeweza kusimamishwa. Miaka miwili ya kusafisha nyumba ingeweza kuleta waombaji watatu. Jibu la wakati ule lingekuwa kwamba shirika lisingefika miaka miwili, na pengine ni kweli, maana kampuni yake ya mizigo, iliyokuwa ikileta fedha, ilikwisha ondolewa.

La tatu ni ile asilimia 10 ya mwekezaji Mtanzania, ambayo ilibaki kifungu tu. Hapa Nairobi walifanya jambo dogo lenye nguvu: waliuza hisa kwa wananchi maelfu kwa maelfu. Shirika lililoorodheshwa hutoa hesabu zake hadharani kila mwaka, penye macho mengi. ATCL ilikuwa na wenye hisa wawili, serikali mbili kimsingi, maana SAA nao ni mali ya serikali yao. Wakinyamaza wote, hakuna anayejua.

Kilichofanya kazi? Mawili. Kuacha madeni ya zamani nje ya kampuni mpya lilikuwa jambo la lazima na lilifanywa. Na makubaliano ya kuachana yaliweka bei ndogo ya kutoka, jambo lililoepusha kesi ndefu. Ukitazama Tanzania ilivyoteswa na kesi za mikataba mingine, hadi ndege zake kuzuiliwa Canada mwaka 2017 na Johannesburg mwaka 2019 kwa madai yasiyohusu hata usafiri wa anga, talaka ya dola milioni moja si kitu cha kubeza.

Niweke pia shubiri kidogo kwenye asali ya jirani. Kenya Airways baadaye walinunua ndege kwa tamaa, watalii wakapungua, na hasara za miaka miwili mfululizo, 2015 na 2016, zikapita shilingi za Kenya bilioni 25 kila mwaka. Mwaka 2017 madeni yakageuzwa hisa, na KLM wakashuka hadi asilimia 7.8. Mbia mzuri alisaidia kujenga kituo. Hakuweza kumzuia mwenye kituo kukopa.

## Yaliyofuata

Desemba 2008 Mamlaka ya Usafiri wa Anga iliizuia ATCL kuruka kwa kasoro za taratibu, ikarudi mapema mwaka uliofuata. Mwaka 2011 kuna wakati shirika la taifa halikuwa na ndege hata moja angani. Kisha 2016 serikali ikaamua kinyume kabisa cha 2002: hakuna mbia, nunua mwenyewe. Zikaja ndege za Q400, ikaja Boeing 787 mwaka 2018, ikaja Airbus A220, baadaye 737 MAX na ndege ya mizigo. Nyingi zilinunuliwa kwa jina la Wakala wa Ndege za Serikali, na ATCL ikazikodi. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ukaiweka ATCL kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuingia anga yake, na Juni 2025 ukayajumuisha mashirika yote yenye vyeti vya Tanzania.

Na yule mbia? Desemba 2019 SAA waliwekwa chini ya uangalizi wa kisheria wa kuliokoa shirika lisifilisike. Serikali yao ikatafuta mwekezaji wa kimkakati, ikakubaliana na kundi moja kumuuzia asilimia 51 kwa randi 51. Machi 2024 mpango ukafutwa.

Tiketi za ATCL leo zinaanza na 197. Anayetoka Mwanza kwenda London bado anaulizwa abadilishie ndege wapi, na majibu ni Nairobi, Addis Ababa, Doha au Dubai.